MCHORO HAUINUI MZIGO

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Mwamshe mwanafunzi yeyote wa shule hii usiku wa manane umwambie akuchoree mtambo wa haidroliki. Atakuchorea bila hata kufumbua macho vizuri: pistoni ndogo kushoto, pistoni kubwa kulia, mafuta katikati na mishale miwili. Kisha atakuandikia kanuni ya Pascal neno kwa neno. Lakini mpe mabomba mawili ya sindano, kipande cha mpira wa dripu na karai la maji, umwambie ainue kamusi ya chama chetu. Hapo ndipo utakapoona maajabu!

Maoni yangu ni kwamba kuunga mtambo na kuupima ni somo lenyewe, wala si mchezo wa kupitishia muda baada ya mitihani. Na katika hayo mawili, kupima ndiko tunakokudharau zaidi. Tunadhani kitu kikishaungwa kimekwisha.

Historia yenyewe inaniunga mkono. Blaise Pascal alifariki mwaka wa 1662, na maandishi yake juu ya jambo hili yakachapishwa mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka 130 ikapita kabla Joseph Bramah wa Uingereza hajapewa hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu za maji, mwaka wa 1795. Kanuni ilijulikana zamani. Kilichosumbua ni kuvuja. Fundi Henry Maudslay, aliyekuwa akimfanyia Bramah kazi, ndiye anayetajwa kuwa alibuni sili ya ngozi iliyojikaza zaidi kadiri maji yalivyoisukuma. Jambo kama hilo hulioni kwenye mchoro. Unaliona sakafu ikilowa.

(Kitabu husema kanieneo, wengine husema shinikizo, fundi wa gereji husema presha. Mimi nitasema presha, mwalimu mlezi anisamehe.)

Tuanze na mabomba ya sindano, mapya kutoka duka la dawa na bila sindano zenyewe. Chukua moja ambalo pistoni yake ina kipenyo cha milimita 10, na jingine la milimita 20. Upana umezidi mara 2, lakini eneo limezidi mara 4. Kwa hivyo, ukiacha msuguano, bomba kubwa litainua kwa nguvu mara 4 ya ile uliyoitia kwenye dogo. Usifurahi mapema! Ukisukuma dogo kwa sentimita 4, kubwa litapanda sentimita 1 tu. Hakuna cha bure hapo.

Yajaze yakiwa yamezama ndani ya karai ili hewa isiingie. Ukishainua kamusi, rudia tena, mara hii ukiacha povu la hewa ndani ya mpira makusudi. Utasukuma, pistoni ndogo itakwenda, na kamusi itakawia kuinuka, maana hewa hubanwa ilhali maji hayabanwi kirahisi. Mkishaliona hilo kwa macho yenu, mtajua kwa nini dereva wa matatu anayekanyaga breki mara tatu tatu kabla gari halijashika ni wa kuambiwa, "Dere, shukisha!" Huenda kuna hewa kwenye paipu za breki, na mlima uko mbele.

Jaribio jingine linahitaji subira tu. Weka kamusi juu ya pistoni kubwa, funga ile ndogo isirudi nyuma, tia alama kwa kalamu, uende zako darasani. Baada ya kipindi cha dakika 40 rudi uangalie. Kamusi ikiwa imeshuka, kuna mahali panavuja hata kama huoni tone.

Sasa mtambo wenyewe, kama wa tipa inayomwaga kokoto. Una tangi la mafuta, chujio, pampu, vali ya usalama, vali ya kuelekeza mafuta huku au kule, silinda na geji. Wengi wetu, hata wenye alama ya A, tunadhani pampu ndiyo hutengeneza presha. La hasha! Pampu husukuma mafuta. Presha huzaliwa mafuta yakikutana na kizuizi. Yaache yarudi tangini bila mzigo, geji itakaa karibu na sifuri na pampu itanguruma vile vile. Silinda ikifika mwisho wake, mafuta yakakosa pa kwenda, mshale wa geji hupaa, na vali ya usalama isipoyafungulia njia ya kurudi tangini, kitu kitapasuka tu. Tena si nguvu za kuchezea. Silinda ya kipenyo cha milimita 50 kwa presha ya baa 100 (baa ya kipimo, si ile ya pombe) husukuma kwa nyutoni kama 19,600. Huo ni uzito wa karibu tani 2.

Ndiyo maana fundi mwenye nidhamu hawashi mtambo mpya hivi hivi. Hutia mafuta safi hadi kwenye alama. Hugusa swichi mara moja tu aone kama mota inazunguka upande unaofaa. Huilegeza vali ya usalama hadi chini kabisa, kisha akaiendesha silinda mbele na nyuma bila mzigo mpaka hewa itoke, akaangalia tangi tena, maana silinda imeshakunywa sehemu ya mafuta. Baada ya hayo ndipo hupandisha presha kidogo kidogo, macho kwenye geji. Pampu ikilia kama inatafuna changarawe, huizima papo hapo. Yaelekea inakosa mafuta, pengine chujio limeziba.

Na hatafuti tundu kwa kidole. Mjomba wangu ni fundi wa matingatinga. Mahali alipokuwa ameajiriwa zamani hapakuwa na muda wa kupima. Mashine iliungwa asubuhi, saa nne iko kazini. Alipitisha mkono kwenye paipu iliyokuwa ikivuja, akahisi kama kadungwa na mwiba. Tundu lenyewe halikuonekana vizuri, basi akaendelea na kazi. Kufika jioni mkono ulikuwa umefura hadi kwenye kiwiko, na kidole kikakatwa hospitalini. Mafuta yenye presha hupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama haliumi. Kipande cha kadibodi kingemtosha kutafutia tundu.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya vyuo vya ufundi, na kwamba ni hatari. Kwani maji ndani ya bomba la sindano yamemkata nani kidole? Hatari iko kwa yule atakayekutana na presha mara ya kwanza akiwa kibaruani, hajui kwamba geji husomwa. Wengine watauliza, Chama cha Kiswahili kinaingiliaje fizikia? Jameni, mjomba hakuwahi kuelezwa hatari hiyo kwa lugha anayoongea. Maonyo kwenye ile mashine yalikuwa ya Kiingereza.

Karai liko jikoni, la kuazima. Kamusi tunayo. Linalobaki ni mwalimu wa maabara kutupa meza moja siku ya Ijumaa jioni, chama kikishamaliza mjadala wake.