Elimu ya Leo na Kazi za Kesho



Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Twamwona daktari hospitalini, fundi karakanani na mhasibu mezani pake, tukadhani ya kwamba watu hawa hupatikana wakati wo wote wanapotakiwa. Sivyo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kwa utaratibu tuliouzoea, wa miaka 7, kisha 4, kisha 2, na mwisho 4 ya Chuo Kikuu, alihitaji miaka 17 ndipo aitwe mhandisi. Basi meza iliyokosa mtu wa kuikalia leo, mara nyingi sababu yake ni hesabu ambayo haikufanywa miaka mingi iliyopita.

Nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa jambo hili. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vyeo vingi vya juu vilikuwa mikononi mwa wageni. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha watu ya kwamba nchi ilianza na madaktari 12 na wahandisi 2 tu waliohitimu. Chuo Kikuu kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, nacho kilianza na masomo ya sheria peke yake.

Viongozi wa siku zile hawakukaa wakilia. Mwaka 1962 ikafanywa hesabu ya kazi zitakazo elimu ya juu, na ya watu waliokuwapo wa kuzifanya. Kisha Mpango wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1964 ukatia shabaha ya kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi iwe inajitosheleza kwa wataalamu wake. Shabaha ile ilikuwa ya miaka 16, yaani karibu sawa na safari ya mtoto kutoka darasa la kwanza hata shahada. Nafasi za shule za sekondari na za Chuo zikapimwa kwa kulinganishwa na kazi zilizotazamiwa. Shule ya udaktari ikaanza Dar es Salaam mwaka 1963, masomo ya kilimo ya Chuo Kikuu yakaanza Morogoro mwaka 1969, na kitivo cha uhandisi mwaka 1973. Zitazameni tarehe hizo: tokea uhuru hata mwanafunzi wa kwanza wa uhandisi kuingia kitivo hicho ilipita miaka 12, kisha akangojewa tena amalize masomo.

Twausifu mpango ule kwa kuona mbali. Lakini yafaa tuseme na upungufu wake. Ulihesabu sana vyeo vya juu kuliko mikono ya mafundi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kwa makusudi, na watoto walio wengi walimaliza shule ya msingi pasipo njia ya kuendelea. Tena, kabla ya mwaka 1980 kufika, mwendo ukabadilishwa. Elimu ya msingi kwa watoto wote ilikuwa imetazamiwa mwaka 1989. Huko Musoma, mwezi wa Novemba 1974, ikaamuliwa ifikiwe mwaka 1977. Nia ilikuwa njema sana, na watoto wengi walipata shule kwa ajili yake. Bali mwalimu haandaliwi kwa azimio. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walitiwa madarasani, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Hatuwadharau hata kidogo, maana walibeba mzigo mzito. Lakini haraka ile ililipwa kwa ubora wa masomo.

Kwa nini twayakumbusha haya? Kwa sababu zamu nyingine imefika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, yataka kila mtoto asome miaka 10 ya lazima, nayo yaweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, sambamba na mkondo wa masomo ya jumla. Mitaala mipya ilianza kutumika hatua kwa hatua mwaka 2024. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka ule wamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba. Basi mwezi wa Januari 2028 makundi mawili yaingia kidato cha kwanza kwa mara moja. Hili si jambo la kubashiri. Ni la kujumlisha.

Sisi watumishi tuna sehemu yetu. Umri wa kustaafu kwa lazima, kwa watumishi walio wengi, ni miaka 60. Kwa hiyo daftari la watumishi laweza kutuambia leo ni nani watakaoondoka katika miaka 10 ijayo, na ni kazi gani zitakazobaki bila mtu. Twashauri kila idara iandike orodha hiyo kila mwaka, kwa kweli na bila kuipamba, iwafikie wenye kupanga shule na vyuo. Mawaziri hubadilika, na mipango hupewa majina mapya. Daftari lililotunzwa vema hudumu.

Tena tulio wazazi tusimwone mtoto aliyechagua amali kuwa amepotea njia. Ofisi isiyo na fundi wa umeme hukaa gizani, hata ikiwa na makarani 20 hodari.

Zaidi ya yote, hesabu ianze kwa waalimu. Karakana hujengwa kwa miezi, bali mwalimu wa ufundi huandaliwa kwa miaka. Wanafunzi wa mwaka 2028 wamekwisha kuzaliwa, majina yao yamo katika madaftari ya shule, na idadi yao yajulikana. Waalimu wao nao wajulikane mapema, kila mmoja kwa somo lake na shule yake.