Wavulana Nasi Tushike Sindano

Katika bweni letu, kifungo kikikatika hakirudi tena mahali pake. Shati likifumuka kwapani huvaliwa hivyo hivyo chini ya sweta, au fedha za shati jipya huombwa nyumbani. Mimi nami niliomba, muhula wa kwanza. Mama akauza kuku wawili, nikapata shati.

Nilipokwenda likizo, mama alilitazama lile la zamani. Halikuwa limechakaa, mshono ulikuwa umeachia kiasi cha kidole kimoja tu. Hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi, akasema, "Haya, mwanangu, shona." Nina umri wa miaka 17, nami naweza kutafuta eneo la duara, lakini hata kufunga fundo la uzi sikujua. Niliona haya sana.

Basi mama alimwaga chini mfuko wake wa mabaki: vipande vya kanga, vya vitenge na vya kaki ya sare. Akaniagiza nimshonee mdogo wangu mto wa mfano wa kobe.

Kobe ana magamba makubwa 13 mgongoni: matano katikati na manne kila ubavu. Nilikata pembesita 13 za vitambaa mbalimbali, kila upande sentimita 5, nikaongeza sentimita 1 pande zote kwa ajili ya mshono. Kila pembe ya pembesita ni nyuzi 120, kwa hiyo tatu zikikutana hutimia 360, wala hapabaki nafasi. Jambo hilo nilikwisha kulisoma darasani, lakini nililiamini siku ile nilipoliona mkononi. Mgongo ulipotimia niliushona juu ya kitambaa cha kaki cha mviringo, nikashona kichwa, mkia na miguu mbali. Kisha nikaulaza juu ya kitambaa cha tumbo, pande nzuri zikitazamana, nikashona pembeni na kuacha nafasi ya kupitisha mkono. Nilipoupindua, kobe alitoka bila miguu! Yote minne ilikuwa imebaki tumboni, kwa maana niliipanga ikitazama nje badala ya ndani. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikafumua, nikashona tena. Tukamjaza sufi pamoja na vijitambaa vilivyokatwakatwa, tukaziba ile nafasi. Macho niliyatarizi kwa uzi mweusi, maana kifungo kikikatika mtoto mdogo aweza kukimeza.

Siku ya pili yake nililishona shati langu. Kazi ile haikumaliza hata robo saa.

Wako wenzangu wasemao kwamba sindano ni kazi ya wanawake. Na wapite mjini watazame barazani: ni mafundi wangapi wenye vyerehani ambao ni wanaume? Sare zao wenyewe zilishonwa na nani? Wengine husema kwamba kidato cha nne hakina nafasi, mtihani umekaribia. Mimi sisemi tuache vitabu. Nasema saa moja ya Jumamosi, ambayo wengi wetu huimaliza kwa kulala.

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zifanye kazi zilizo na faida. Twalima bustani na kufagia viwanja, na hayo ni mema. Lakini kijana alimaye vizuri, kisha akashindwa na kifungo chake mwenyewe, bado hajajitegemea.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila bweni liwe na mfuko wa mabaki, na mafundi walio jirani na shule waombwe vipande wanavyotupa. Pili, ajuaye amfundishe asiyejua, naye aanze kwa mto wa mnyama kabla ya shati, kwa sababu kobe mwenye mguu mmoja mfupi hapelekwi kwa kiranja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa wa kidole kimoja, na ukuta wake aliulipia mama kwa kuku wawili. Sitaki kumwuzisha wa tatu.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV