Kilugha

Neno lililonitia uchungu Samunge halikuwa tusi. Mgeni mmoja, msomi wa kutosha, aliwasikia watoto wa Kitemi wakizungumza njiani, akasema: "Hawa hawana lugha, wana kilugha tu." Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka, na leo namjibu.

Tutazame herufi mbili tu: -ni. Twasema nyumbani, mjini, moyoni, wala hatujiulizi mkia huo umetoka wapi. Mwaka 1994 Ridder Samsom na Thilo Schadeberg walieleza kuwa asili yake ni neno ini, lile lile lililomo mwilini. Ini likawa na maana ya "ndani", kisha likachakaa kwa kutumika, likabaki kiambishi. Kwamba ni mgeni, Kiswahili chenyewe kinashuhudia: twasema nyumbani mwangu, kwangu, pangu, kwa mu-, ku- na pa- za kale, ambazo katika lugha nyingi za Kibantu bado hutangulia jina.

Ushahidi haukutoka katika Kiswahili peke yake. Kikuyu kimehifadhi irabu tuliyoipoteza: mti ni mũtĩ, mtini ni mũtĩinĩ. Kizulu nacho: nyumba ni indlu, nyumbani ni endlini. Lugha moja hukumbuka ilichosahau nyingine. Kitemi nacho ni Kibantu, kimezungukwa na Kimaasai, na kikinyamaza, shahidi mmoja ameondoka barazani.

Wafini hawafiki milioni 6. Nao hubandika mahali mwishoni mwa neno: talo ni nyumba, talossa ni ndani ya nyumba. Sijamsikia msomi akikiita Kifini kilugha.

Mtanijibu kuwa taifa linahitaji lugha moja. Sawa, nami ndiyo ninayoiandika hapa. Lakini hatujazi ghala letu kwa kuchoma la ndugu yetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Waliuliza dawa, waliuliza foleni. Ni wangapi waliouliza wenyeji wanasemaje "karibu"?

Naam, ki- ina kazi zaidi ya moja. Katika Kiswahili, Kitemi na Kifini hutaja lugha. Katika kijitu hudunisha. Mgeni wetu aliijua kazi ya kwanza, akachagua ya pili.