Kubadilisha mfumo wa seva: Mkupuo, awamu, au yote mawili? Gharama yake yafika hadi Mpala

Mfanyabiashara wa samaki wa Mpala, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kalemie, hahitaji kujua seva za kampuni yake ya simu ziko wapi. Lakini usiku ambao mafundi wanabadilisha programu za seva hizo, fedha zilizo kwenye simu yake ziko mikononi mwao. Mambo yakikwama, mkazi wa Lubumbashi anaweza kukimbilia tawi la benki. Wa Mpala ana safari ya kwenda Kalemie.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kongo mwaka 2012, pesa za simu zimekuwa benki ya watu wasio na benki. Ndiyo maana uamuzi unaoonekana wa kiufundi tu, yaani mfumo ubadilishwe kwa njia gani, ni suala la umma.

Kutobadilisha si chaguo. Kila programu ina siku yake ya mwisho. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023. CentOS 7, iliyotumika sana kwenye seva za makampuni, ilifikia ukomo tarehe 30 Juni 2024. Anayebaki na mfumo uliopitwa na wakati anawaachia wadukuzi mlango wazi.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mkupuo: mfumo wa zamani unazimwa na mpya unawashwa kwa usiku mmoja. Ya pili ni awamu, eneo baada ya eneo. Ya tatu ni kuendesha mifumo yote miwili sambamba hadi ule mpya uaminike.

Hatari ya mkupuo ilionekana Uingereza. Aprili 2018, benki ya TSB ilihamishia wateja wake zaidi ya milioni tano kwenye mfumo mpya kwa wikendi moja. Data zilihama salama, lakini mfumo wenyewe ulizidiwa. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na hali haikurejea kawaida hadi Desemba. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Tanzania ilichukua njia ya awamu katika mita za umeme za LUKU. Tokeni za mita za aina hiyo duniani zilikuwa zikitambulishwa kwa hesabu ya dakika tangu Januari 1993, na hesabu ilikuwa iishe tarehe 24 Novemba 2024. TANESCO ilianza Julai mwaka huo, kanda baada ya kanda. Wateja walipewa tarakimu za ziada za kuingiza kwenye mita, huku mfumo wa mauzo ukihudumia mita zilizobadilishwa na ambazo bado. Kosa likitokea kanda moja, halizimi nchi nzima.

Je, kampuni za pesa za simu zifanye vivyo hivyo? Si rahisi. Mita ya umeme inajitegemea, lakini pesa ina mtumaji na mpokeaji. Mmoja akiwa kwenye mfumo wa zamani na mwingine kwenye mpya, daftari mbili lazima zilingane kila sekunde. Safaricom ilipohamisha M-Pesa kutoka seva za Ujerumani hadi Kenya, Aprili 2015, ilisimamisha huduma kwa saa kadhaa wakati wa wikendi, baada ya kuwatangazia wateja.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye mkupuo au awamu peke yake. Iko kwenye njia ya kurudi: je, mfumo wa zamani unaweza kuwashwa tena, zoezi hilo limejaribiwa, na saa ya kuamua kurudi imepangwa kabla ya kazi kuanza?

Saa hiyo yenyewe ina uzito wake. Kinshasa iko nyuma ya Kalemie kwa saa moja. Kazi inayopangwa kumalizika saa kumi na moja alfajiri ya Kinshasa inamalizika saa kumi na mbili asubuhi huku mashariki. Kwenye Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi ndiyo saa ya kuuza. Saa ambayo mji mkuu unaiona imelala, ufukweni soko limeshafunguliwa, na samaki hamsubiri fundi.

Kampuni inayojali wateja wake wa mbali itatuma tangazo siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili na kwa saa za mashariki, ili mawakala na wanunuzi waweke fedha taslimu mkononi. Ujumbe huo hauna gharama kubwa. Ukikosekana, anayelipa ni muuza samaki.