Michael Collins Hakuwa Msaliti

Wako wenzetu wanaodhani kwamba shujaa ni yule asiyekubali kupunguza hata neno moja katika madai yake. Mimi siafiki. Mara nyingine kutia sahihi mkataba kwahitaji ushujaa kuliko kushika bunduki, na shahidi wangu ni Michael Collins wa Ayalandi.

Alizaliwa mwaka 1890 katika wilaya ya Cork, mtoto wa mkulima. Alipokuwa na miaka 15 alikwenda London kufanya kazi ya ukarani katika benki ya posta. Mwaka 1916 alirudi kwao, akapigana katika maasi ya Pasaka mjini Dublin, akafungwa. Alipofunguliwa akawa mkuu wa upelelezi wa jeshi la wapigania uhuru. Waingereza walimsaka kila mahali, naye akipita Dublin kwa baiskeli mchana kweupe!

Mwaka 1921 alitumwa London pamoja na wenzake kufanya mapatano. Walipata serikali yao, bunge lao na jeshi lao. Lakini wabunge wataapa kuwa waaminifu kwa mfalme wa Uingereza, na wilaya 6 za kaskazini zitaruhusiwa kujitenga. Waziri Mkuu Lloyd George alitishia vita wakikataa. Collins alitia sahihi tarehe 6 Desemba, 1921. Bungeni Dublin mkataba ulipita kwa kura 64 dhidi ya 57.

Wapinzani walisema ameiuza damu ya wale 16 waliouawa kwa hukumu mwaka 1916. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Lakini Collins alijua uchache wa silaha zao kuliko wengi waliomlaumu. Hakusema kwamba mkataba ule ni uhuru kamili. Alisema ni njia ya kuufikia. Ngazi hupandwa toka chini.

Je, hakuwa na haki? Bwana de Valera, kiongozi wa wapinzani, alishika serikali mwaka 1932. Mwaka uliofuata kiapo kile kilifutwa, na mwaka 1937 ikaja katiba mpya. Mwaka 1949 Ayalandi ikawa jamhuri. Hayo yote yalipatikana bila vita vipya na Uingereza, kwa ngazi ile ile waliyoikataa. Kweli, wilaya zile 6 zingali chini ya Uingereza hata leo. Lakini sioni jinsi vita zaidi vingalizileta.

Collins hakuyaona hayo. Vita vya ndugu kwa ndugu vilizuka, naye akapigwa risasi tarehe 22 Agosti, 1922, katika wilaya yake ya kuzaliwa, na Waayalandi wenzake. Alikuwa na miaka 31 tu.

Wanafunzi wenzangu, neno “msaliti” ni jepesi mdomoni, lakini laweza kuua. Kabla hatujamwita mtu hivyo, na tujiulize kwanza: mimi ningalifanya nini mahali pake?