Safari ya Ngazija: Undugu Usitusahaulishe Maandalizi

Julai na Agosti ni miezi ambayo Ngazija hujaa watu. Wangazija waishio Ufaransa hurejea makwao kwa ajili ya harusi kubwa, ile waiitayo Anda, na jamaa zao wa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa nao hualikwa. Kwa kuwa baadhi ya familia zetu zimekwisha kupata mialiko, tumeona wiki hii tuizungumzie safari hiyo.

Undugu wetu na visiwa vile ni wa zamani. Sheikh Ahmad bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. Dini ni moja na madhehebu ni yale yale ya Shafi. Labda ndiyo sababu wengi wetu hufunga mizigo kana kwamba tunavuka kwenda Unguja. Ukweli ni kwamba tunaingia katika dola nyingine, ambayo ofisi zake, hospitali zake na stakabadhi zake huandikwa Kifaransa.

Shikomori ni ndugu wa Kiswahili, lakini ndugu huyu hupoteza wageni. Mzee akikuambia "marahaba", haitikii shikamoo yako; anakushukuru. Wapo wengi waliosoma au kufanya biashara kwetu wanaojua Kiswahili, nao ni msaada mkubwa sokoni. Hospitalini usiwategemee. Mwenye presha au kisukari na abebe dawa za kumtosha safari nzima, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara pekee.

Saa nazo zina mtego. Tiketi iliyoandikwa 8h ni saa mbili asubuhi, na 20h ni saa mbili usiku. Tumezoea kusema "saa mbili" tukaelewana. Kule ulizeni tena, kisha muitazame karatasi.

Fedha ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwenye yuro: yuro moja ni takriban faranga 492. Bebeni yuro taslimu, kwani kadi za benki hazikubaliwi mahali pengi, na faranga zitakazobaki zimalizeni kabla ya kuondoka, maana kuzibadilisha nje ya visiwa ni taabu. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo.

Akina mama wenye watoto wadogo, tafadhalini lisikieni hili: magari kule hupita upande wa kulia. Mtoto aliyefundishwa kwetu kutazama kulia kwanza ataingia barabarani gari likimjia kutoka kushoto. Mfundisheni upya kabla ya kutoka uwanja wa ndege wa Hahaya, na katika vichochoro vya Moroni mshikeni mkono.

Kuhusu sala, katika madhehebu yetu anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili tangu afikapo. Basi aliyekwenda harusini kwa wiki mbili asiendelee kupunguza akidhani bado yumo safarini. Na zawadi ya harusi msiibuni wenyewe. Anda ina taratibu zake na heshima zake, mwulizeni mwenyeji.

Limebaki jambo linalotutia hofu kuliko yote. Maore, yaani Mayotte, ni kisiwa cha nne cha funguvisiwa lile, lakini kiko chini ya Ufaransa, na tangu mwaka 2011 ni mkoa wake kamili. Viza ya Komoro haikufikishi huko. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, hata Wakomoro wa visiwa vingine wamekuwa wakivuka kwa siri kutoka Nzuwani kwa boti ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi, mara nyingi usiku, boti ikiwa imejaa kupita kiasi. Wengi wamezama, wakiwamo wanawake na watoto wachanga. Mgeni anaweza kuambiwa na jamaa, tena kwa mapenzi, kwamba shangazi yuko Maore na nahodha ni mtu wa kuaminika. Kataeni kwa adabu, na mkatae hata mkiambiwa shangazi ni mgonjwa. Mwenye haja ya kweli ya kufika Maore na aombe viza katika ubalozi wa Ufaransa angali kwao, miezi kabla ya safari, wala asingoje kufika Mutsamudu.