Tuyatafute Mahame kwa Ramani

Ndugu msomaji, je, unajua babu yako alikaa wapi? Je, mtoto wako anajua?

Mwezi wa Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni ya watu walihama. Walikokaa mwanzo sasa ni mahame. Pana miembe mikubwa, minyaa, mawe ya kusagia na makaburi.

Wazee wanaoyajua mahame hayo wanapungua. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1974 sasa amepita miaka 70. Wazee hao wakifa, hatutakuwa na wa kutuonyesha njia.

Lakini ramani za zamani zipo. Nyingi zilichorwa kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kabla watu hawajahama. Zinaonyesha mito, vilima, njia na mahali penye nyumba. Wenzetu wa Dar es Salaam huangalia ramani za mitaa ya Kariakoo. Sisi tuangalie ramani za mahame yetu.

Kusoma ramani si kazi ngumu. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni sawa na kilomita 1. Chukua rula. Pima kutoka kijijini mpaka kwenye mahame. Ukipata sentimita 9, umbali ni kilomita 4 na nusu. Hesabu hiyo unaiweza.

Wapo wanaosema ramani hizi zitaleta ugomvi wa mashamba. Mimi sikubaliani nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kulikata shauri hilo. Mtu aliyegawiwa ardhi wakati wa kuhamia vijijini, kati ya mwaka 1970 na 1977, ardhi hiyo ni yake kwa haki. Haki ya mwenyewe wa zamani ilikoma. Kwa hiyo hatutafuti mahame ili tumnyang'anye mtu shamba. Tunayatafuta ili tuyatunze makaburi, na watoto wajue asili yao.

Maoni yangu ni haya. Kila darasa la kisomo liombe ramani kwa afisa ardhi wa wilaya. Darasa liwaalike wazee, wanaume kwa wanawake. Mzee ataje mto, kilima na jina la mahali. Mwanakisomo atafute katika ramani na kuandika katika daftari. Jina likiwa limekosewa katika ramani, mzee alisahihishe. Ramani haijui nani alizikwa wapi. Mzee anajua.

Umejifunza kusoma na kuandika. Basi andika habari za wazee wako sasa, wangali hai.

Maswali ya kujadiliana
1. Mahame ya karibu na kijiji chenu yanaitwaje?
2. Ni mzee gani anaweza kuwaonyesha makaburi ya huko?